Distrofi ya misuli: kinachovuja na kinachotumwa

Mtoto wa kiume wa miaka sita, tuseme anatokea Wete au Micheweni kisiwani Pemba, anapimwa damu kwa sababu amekuwa mzito wa kukimbia na anaanguka ovyo. Majibu yanarudi: ALT na AST zipo juu sana. Vipimo hivyo vimezoeleka kuwa vya ini, basi wazazi wanaambiwa mtoto ana tatizo la ini. Zinaanza safari za kupima homa ya ini, picha ya tumbo, na orodha ya vyakula vya kuacha. Kumbe ini ni zima. Vimeng'enya hivyo viwili vimo ndani ya ini, lakini vimo pia ndani ya misuli, na kwa mtoto huyu vimetoka huko. Kipimo ambacho kingesema mapema ni cha kriatini kinasi, kimeng'enya kingine cha msuli, ambacho maabara hukiandika CK. Kwa mtoto mwenye distrofi ya Duchenne, ugonjwa wa jeni unaoharibu misuli kidogo kidogo, CK huweza kufika mara 10 hadi 100 ya kiwango cha kawaida, tena hata kabla hajaonyesha udhaifu wowote.

Kosa hili linatokea nchi nyingi, si visiwani tu, na chanzo chake ni kwamba tumezoea kuuona msuli kama nyama ya kuvuta mfupa, basi. Hatuuhesabu kuwa ni kiungo kinachotia vitu kwenye damu. Msuli unatia vitu vingi sana, na vinatoka kwa njia mbili tofauti kabisa. Vingine vinavuja kwa sababu ukuta wa seli umechanika. Vingine msuli unavitengeneza na kuvituma makusudi, kama homoni, ili viende kusema na ini, mafuta, mifupa, ubongo na seli za kinga. CK, ALT na AST ni vya kundi la kwanza. La pili ndilo linaloshughulisha watafiti zaidi siku hizi, na ndilo linalochanganya watu, kwa sababu protini ile ile inaweza kuwa ya heri kwa mtu mmoja na ya madhara kwa mwingine.

Tuanze na kuvuja. Ndani ya kila seli ya msuli kuna protini ndefu inayoitwa distrofini. Upande mmoja imeshikana na nyuzi za ndani ya seli, upande wa pili imeshikana na protini nyengine zilizomo kwenye utando wa seli. Msuli unapokaza, distrofini inasaidia kuitawanya nguvu ile isielemee sehemu moja ya utando. Jeni inayotoa maelekezo ya kuitengeneza ipo kwenye kromosomu X. Ni miongoni mwa jeni ndefu kuliko zote alizonazo binadamu, ina herufi zaidi ya milioni 2 na vipande 79 vya maelekezo, na urefu huo unaipa nafasi nyingi za kukosewa. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne aliueleza ugonjwa huu kwa kina katika miaka ya 1860, lakini jeni yenyewe haikujulikana mpaka 1986, kwa kazi ya timu ya Louis Kunkel kule Boston, na protini yake ikatambuliwa mwaka uliofuata. Distrofini ikikosekana kabisa, ni Duchenne, inayompata takriban mtoto mmoja wa kiume katika kila 5,000. Ikiwepo fupi au pungufu lakini inafanya kazi kiasi, ni distrofi ya Becker, ambayo huja taratibu zaidi.

Ukitaka kuiona kwa macho, mwangalie mtoto wa namna hii kwenye chuo cha Kurani wakati wenzake wanainuka kwenye mkeka kwenda nyumbani. Wao wanaruka wima. Yeye anageuka kwanza kifudifudi, anaegemea mikono na miguu, ananyanyua makalio juu, kisha anashika magoti, halafu mapaja, mkono baada ya mkono, mpaka kiwiliwili kimesimama. Misuli ya nyonga na mapaja haiwezi kumwinua, kwa hiyo anajikwea mwenyewe kwa mikono. Vigimbi vyake vimejaa, vigumu, na watu humsifu kuwa ana miguu ya mchezaji mpira. Kujaa kule kwa sehemu kubwa ni mafuta na makovu yaliyokaa mahali pa msuli. Mtoto anayeinuka hivi apimwe CK kabla ya jambo lolote jengine.

Sasa tuje kwenye vinavyotumwa. Mwaka 2000 watafiti wa Copenhagen, akiwemo Bente Klarlund Pedersen, walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi unatoa protini iitwayo intalukini-6, kwa ufupi IL-6, na kuitia kwenye damu. Jambo hilo lilishangaza, maana IL-6 ilijulikana kama protini ya seli za kinga, inayopanda mtu akiwa na maambukizi. Miaka michache baadaye Pedersen na wenzake wakapendekeza jina la mayokini kwa protini zote zinazotumwa na msuli. Leo zinatajwa kwa mamia, ingawa zilizothibitishwa vizuri kwa binadamu ni chache kuliko zinavyotangazwa.

Mtu mzima mwenye afya akikimbia marathoni, IL-6 katika damu yake inaweza kupanda hadi mara 100, kisha ikashuka akipumzika. Katika muda ule mfupi inaliambia ini litoe sukari na mafuta yatoe nguvu. Hata inaamsha protini nyengine zinazotuliza uvimbe wa kinga, yaani ule unaoletwa na seli za kinga. Inazigusa pia seli za akiba zinazolala pembeni mwa nyuzi za msuli, ili ziamke na kukarabati palipochubuka. Hayo yote ni mema.

Kwa mtoto mwenye Duchenne, IL-6 ipo juu asubuhi, ipo juu usiku, mwezi huu na ujao. Inatoka kwenye misuli yenyewe na kwenye seli za kinga zilizohamia ndani ya misuli. Seli za akiba zinaitwa kila siku, zinazalisha, zinaitwa tena, mpaka uwezo wao wa kutengeneza msuli mpya unapungua. Watafiti walipochukua panya wasio na distrofini, aina iitwayo mdx inayotumika maabara tangu miaka ya 1980, na kuwafanya wawe na IL-6 nyingi muda wote, ugonjwa wao ulizidi kuwa mkali. Lakini walipojaribu kuizuia IL-6, majibu hayakulingana: maabara moja iliona misuli ya panya ikipata nafuu, nyengine ikaona uvimbe wa kinga ukiongezeka. Mimi sioni ajabu. Ukifunga ujumbe ambao una kazi mbili, unafunga zote mbili. Kwa hiyo mtu anaposema mayokini fulani ni nzuri au ni mbaya bila kusema imekaa kwenye damu kwa muda gani na nani anaipokea, hajasema kitu.

Kinachoufanya msuli uendelee kutuma ujumbe bila kunyamaza ni hali iliyomo ndani ya seli zake, ambayo wataalamu wanaiita msongo. Si msongo wa mawazo, ni wa seli. Utando ukichanika, kalsiamu inaingia kwa wingi kutoka nje. Seli ya msuli inaitumia kalsiamu kwa vipimo vidogo sana kuamuru kukaza na kulegea, na ikijaa inawasha vimeng'enya vinavyokata protini za seli yenyewe. Inaingia pia kwenye mitokondria, ambamo nishati hutengenezwa, na mitokondria zilizolemewa hutoa nishati kidogo na molekuli kali za oksijeni nyingi. Molekuli hizo zinaudhoofisha utando uliokwisha kuwa dhaifu, na kalsiamu zaidi inaingia. Sehemu ya seli ambamo protini mpya hukunjwa na kalsiamu huhifadhiwa nayo inavurugika, na protini zinaanza kurundikana zikiwa zimekunjwa vibaya.

Seli ina namna ya kujihami. Inapunguza utengenezaji wa protini karibu zote, na wakati huo huo inawasha kundi dogo la jeni za dharura kupitia msimamizi mmoja aitwaye ATF4. Fikiria ngalawa iliyoingia maji mkondoni. Nahodha anaacha nyavu, kila mtu anachota maji, na huo ndio uamuzi sahihi. Lakini ngalawa inayochotwa maji tangu alfajiri hadi magharibi, siku zote, haivui samaki, na mabaharia wake hawali. Seli ya msuli iliyokaa kwenye hali hii miaka mitano, kumi, haitengenezi protini za kutosha kujijenga, hata kama mtoto anakula vizuri.

Miongoni mwa jeni ambazo ATF4 inaziwasha zimo mbili zinazotoka kwenda kwenye damu: FGF21 na GDF15. FGF21 inasema na ini na mafuta kuhusu matumizi ya nishati. GDF15 inakwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 timu kadhaa zilionyesha kwamba mpokeaji wake yupo kwenye shina la ubongo, na kazi yake kubwa huko ni kupunguza hamu ya kula. Katika magonjwa ya kurithi ya mitokondria, protini hizi mbili hupanda kiasi kwamba madaktari wa baadhi ya nchi huzitumia kusaidia utambuzi. Kwenye distrofi mimi ningezisoma kwa uangalifu zaidi: ni dalili kwamba seli zina dhiki, lakini dalili si lazima iwe ndiyo chanzo, na kuiondoa dalili si kuiondoa dhiki.

Mwili una msaada wa upande wa pili pia. Zipo protini za kujikinga na joto, zinazosaidia protini nyengine zikunjike sawasawa wakati wa taabu. Mwaka 2012 watafiti wa Melbourne waliiongeza moja yao, Hsp72, kwenye panya wenye distrofi. Misuli yao ikahifadhika zaidi, kwa sehemu kwa sababu Hsp72 iliisaidia pampu inayorudisha kalsiamu kwenye ghala lake. Hiyo ilikuwa kwa panya. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba mwitikio wa msongo si adui wa kupigwa tu, una upande unaotakiwa kuongezwa.

Kisha yapo makovu. Seli za kinga zinapoingia kusafisha nyuzi zilizokufa, zinatoa protini iitwayo TGF-beta, inayoamuru tishu ya kovu ijengwe. Kwa jeraha la mara moja, kovu linafunga kidonda. Kwa msuli unaojeruhiwa kila siku, kovu linaongezeka mpaka linaziba nafasi ambayo nyuzi mpya zingeota. Jinsi mwili wa kila mtu unavyoiongoza TGF-beta hutofautiana. Ndiyo maana tofauti ndogo katika jeni nyengine, kama ile ya LTBP4 inayoishikilia TGF-beta isiachiwe ovyo, au ile ya osteopontini, zimehusishwa na umri ambao mtoto anaacha kutembea. Ndugu wawili wa tumbo moja, wenye kasoro ile ile ya distrofini, mmoja anaweza kwenda kwa miguu miaka kadhaa zaidi ya mwenzake. Mara nyingi hapo lawama huanza: huyu hakuchuliwa vizuri, huyu alipewa chakula kibaya, huyu alipigwa kijicho. Wazazi wale hawakukosea kitu.

Kisa kinachonifundisha zaidi kuliko vyote ni cha mayostatini. Iligunduliwa mwaka 1997 na Alexandra McPherron na Se-Jin Lee wa Johns Hopkins, Marekani. Nayo ni mayokini, ila kazi yake ni kuuzuia msuli usikue kupita kiasi. Panya waliokosa jeni yake walijaa misuli, na ng'ombe wa Ubelgiji wanaojulikana kwa maungo makubwa mno nao wana kasoro kwenye jeni hiyo hiyo. Wazo lilikuja haraka: tuizuie mayostatini kwa watoto wa Duchenne, misuli ijae. Kwa panya ilileta matumaini. Kwa watoto, kampuni ya Pfizer ilisimamisha jaribio lake la dawa ya domagrozumab mwaka 2018 kwa sababu haikuwasaidia, na dawa nyengine za namna hiyo nazo hazikufika mbali. Mwaka mmoja kabla, watafiti walikuwa wameshaonyesha kwamba wagonjwa wa magonjwa kadhaa ya kudhoofika misuli, Duchenne ikiwemo, wana mayostatini kidogo kwenye damu tangu mwanzo. Msuli uliokonda umekwisha kuacha kuutuma ujumbe wa "usikue". Dawa ilikuja kuzuia kitu ambacho tayari kimepungua. Basi mtu akikuuzia kidonge au unga wa kupandisha au kushusha protini fulani ya msuli, muulize kwanza mtoto wako anayo kiasi gani.

Dawa ambayo kwa miaka mingi imekuwa tegemeo ni ya siku nyingi, prednisoloni, au ndugu yake deflazakoti. Hairudishi distrofini na haifungi mchaniko wa utando. Inapoza uvimbe wa kinga, ikiwemo swichi ya ndani ya seli iitwayo NF-kB, ambayo huwasha IL-6 na wenzake. Faida yake ni ya kweli: watoto wanatembea muda mrefu zaidi, mgongo haupindi haraka, na kifua kinabaki na nguvu. Gharama yake pia ni ya kweli. Uzito unaongezeka, mifupa inalegea, kimo kinadumaa, balehe inachelewa, na macho yanaweza kupata mtoto wa jicho. Huanzwa kabla nguvu hazijaanza kushuka, kwa kawaida mtoto akiwa na miaka minne au mitano, chanjo zikiwa zimetimia. Haiachwi ghafla hata siku moja, kwa sababu mwili uliozoea kupewa huwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Prednisoloni inapatikana dukani kwa bei ndogo, na hapo ndipo penye hatari: mzazi anaweza kuinunua mwenyewe, na kuikatiza mwenyewe fedha zikimwishia.

Wala si ya kila distrofi. Kuna distrofi za mabega na nyonga, zinazotokana na protini nyengine. Moja inatokana na kukosa disferlini, inayosaidia kuziba utando uliochanika. Wagonjwa wake walipojaribiwa kwa deflazakoti nchini Ujerumani hawakupata nafuu, na nguvu zao zilielekea kupungua. Kujua ni distrofi gani ni sehemu ya tiba yenyewe.

Hapo panaingia suala la ndoa za ndugu, linaloulizwa sana kwetu ambako binamu kuoana ni jambo la kawaida. Duchenne haitokani na ndoa ya binamu. Inapita kwenye kromosomu X ya mama, na takriban theluthi ya watoto wanaoipata kasoro imeanza kwao wenyewe, mama hana. Mama akiwa nayo, kila mtoto wa kiume anayezaliwa ana nusu ya uwezekano wa kuugua, na kila binti nusu ya uwezekano wa kuibeba. Mama mbebaji naye apimwe moyo, maana baadhi yao hupata udhaifu wa moyo ukubwani. Distrofi nyingi za mabega na nyonga ni mlango mwengine: zinahitaji kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, na hapo ndugu wa damu wakioana uwezekano unaongezeka kweli. Nimesikia wanawake wakirudishwa kwao kwa sababu ya mtoto wa kiume aliyeacha kutembea. Hakuna sayansi inayounga mkono jambo hilo.

Mazoezi ni swali jengine la kila siku. Tumesema msuli unaofanya kazi unatuma ujumbe mwema, basi mtoto akimbizwe? Hapana. Msuli usio na distrofini huumia zaidi unapokaza huku ukirefushwa, na hivyo ndivyo paja linavyofanya kazi mtu anaposhuka. Kushuka ngazi za magorofa ya Michenzani, mjini Zanzibar, kunamchana zaidi kuliko kuzipanda. Mtoto wa Pemba anayeteremka kilima kwenda mtoni na ndoo anaumia zaidi kuliko anavyohisi. Acheze, aogelee, atembee kwenye tambarare, apumzike kabla hajachoka. Mkojo ukigeuka mweusi kama chai ya rangi baada ya michezo, au misuli ikiuma siku ya pili, kazi imezidi. Kunyoosha vifundo vya miguu kila siku, taratibu, kunasaidia. Kuchua kwa nguvu mpaka mtoto alie kunaongeza majeraha.

Moyo nao ni msuli na nao unahitaji distrofini. Mtoto apigwe picha ya moyo mapema, na kila mwaka baada ya hapo, na dawa za kuulinda moyo huanzwa takriban miaka kumi, kabla hajalalamika kitu.

Na akipelekwa chumba cha upasuaji kwa jambo lolote, hata kwa jino au mfupa uliovunjika, daktari wa nusukaputi lazima aambiwe kabla. Dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksamethoniamu inaweza kuzifanya seli za msuli wake zimwage potasiamu kwenye damu kwa ghafla, na moyo ukasimama mezani. Gesi za usingizi kama halotheni nazo huepukwa. Zipo dawa nyengine za kumlaza mtoto huyu salama, na madaktari wa nusukaputi wanazijua. Hawawezi kuzichagua kama hawajaambiwa, kwa hiyo jina la ugonjwa liandikwe juu ya kadi yake ya kliniki, na kila anayemlea mtoto, bibi, shangazi au mwalimu wa skuli, alijue.